Kilo ya Mutoto Si Hukumu Juu ya Mama

Kila siku ya kupima watoto tunatoa fundisho moja. Siku moja ni juu ya maziwa ya mama, siku ingine juu ya maji safi, ingine juu ya malaria ao chanjo. Fundisho la leo ni juu ya jambo ambalo mizani haiwezi kulipima, na kipima-homa hakiwezi kulionyesha. Hakuna kidonge chake katika sanduku letu la dawa. Lakini linaleta hasara kwa mama, na kwa njia ya mama linafika kwa mutoto. Jambo lenyewe ni ile tamaa ya kuwa mama bila kosa, mama ambaye hakuna mutu anaweza kumusema.

Tulisome polepole. Mama asiyejua kusoma, mwenzake amusomee.

BIDII NA MUZIGO

Bidii ni kitu chema. Mama wa bidii anaosha mikono kwa sabuni mbele ya kulisha mutoto, anafunika chombo cha maji, analaza mutoto ndani ya chandarua, anakuja siku ya kliniki. Kama siku moja maji imekosekana na nyumba haikuoshwa, anasema: "Kesho nitaenda kwa kisima mapema." Kisha analala.

Mama mwenye muzigo tunaousema anafanya kazi zilezile. Lakini usiku, wakati wengine wanalala, moyo wake unamusemesha: "Weye ni mama ya namna gani? Angalia wenzako!" Kama mambo kumi yamekwenda vizuri na moja limeharibika, anafikiri lile moja tu. Mama wa bidii anauliza mutoto anahitaji nini. Mama mwenye muzigo anauliza watu watasema nini. Kwa macho ya inje wanafanana, lakini mumoja anaendelea na njia na mwingine anachoka mpaka kuanguka.

ALAMA ZAKE

Mujiulize kama munaona alama hizi ndani yenu:

1. Mama hawezi kupokea musaada. Dada yake akipika sombe, anaipika tena. Mume akiosha mutoto, anamuosha mara ya pili.

2. Hajui kukaa. Amezaa kwa operasio, kidonda hakijapona, na tayari amebeba bidoni ya maji juu jirani asiseme kwamba nyumba iko chafu.

3. Analinganisha kila siku. Mutoto wa fulani ameota meno, wa kwake bado. Mutoto wa fulani anatembea, wa kwake anatambaa. Furaha yote inapotea.

4. Kosa moja linamufanya aache yote. Chanjo moja imemupita, anasema: "Imeisha kuharibika," na harudi tena.

5. Anaficha. Anaficha kwamba maziwa yanamuuma, kwamba mutoto alianguka, kwamba dawa haikumalizika, kwamba yeye mwenyewe analia usiku.

Alama ya tano ni mubaya kupita zote. Tutaeleza kwa sababu gani.

NAMNA HAYA INAVYOMUFIKIA MUTOTO

Fikiri mama ambaye mutoto wake ana mwaka mumoja na miezi mitatu. Mwezi uliopita muuguzi alimuonyesha kwamba kilo imeshuka. Wamama wawili kwenye benchi waliangaliana. Kisha mutoto alihara siku tano. Sasa mama anajua kwamba kilo imeshuka tena. Hahitaji mizani, anaisikia kwa mikono yake wakati anamubeba mugongoni.

Siku ya kliniki inafika. Anajisemea: "Nikienda leo, bamama batanicheka. Nitamulisha vizuri wiki mbili, nitaenda wakati amenona kidogo." Haya si mawazo ya mama mubaya. Ni mawazo ya mama anayempenda mutoto wake na anayeogopa. Lakini wiki mbili zinakuwa mwezi mumoja, na mwezi unakuwa miwili.

Kisha mama anaona uso wa mutoto umekuwa muviringo na miguu imejaa. Anafurahi: "Ameanza kunona!" Kumbe ni maji ndani ya mwili. Nywele zinageuka rangi na kungoka kwa urahisi, ngozi inabambuka, mutoto hachezi tena, anakataa kula. Ni ule ugonjwa ambao watu wa Bushi, kule Kivu, wanauita bwaki. Waganga wanauita kwashiorkor. Jina hili lilitoka katika luga ya Kiga, pale Gold Coast, inchi inayoitwa sasa Ghana. Munganga mwanamuke Cicely Williams alilisikia kwa watu wa pale na kuliandika katika miaka ya 1930. Linasema juu ya ugonjwa unaomupata mutoto wakati mudogo wake anazaliwa na kuchukua pahali pake kwenye ziwa. Muangalie vizuri: jina lenyewe halimushitaki mama. Linaeleza tu hali ambayo mutoto amekutana nayo.

Mutoto aliyekonda akiletwa mapema, wakati bado anapenda kula na hana ugonjwa mwingine mukali, mara nyingi anatibiwa akilala nyumbani kwake. Tunamupa chakula cha dawa cha karanga, na mama anarudi kila wiki. Mutoto anayechelewa anapashwa kulala hospitali siku nyingi. Wengine wanachelewa sana, na hatuwezi tena kuwaokoa. Mara nyingi mama alijua mbele yetu. Alikuwa na miguu ya kufika. Haya ndiyo ilifunga mulango.

Kwa hiyo mujifunze kipimo hiki. Weka kidole gumba juu ya muguu wa mutoto, kandamiza, hesabu polepole mpaka tatu, kisha toa. Fanya vile kwa muguu mwingine. Kama shimo linabaki kwa miguu yote miwili, usingoje siku ya kliniki. Leta mutoto leo. Na kama utepe wa kupima mukono, kwa mutoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, unaonyesha rangi nyekundu, maana yake chini ya santimetre 11.5, mulete leo vilevile.

FISHI YA MUTOTO INASEMA NINI

Wamama wengi wanaogopa fishi ya kilo sawasawa na mwanafunzi anavyoogopa karatasi ya pointi za masomo. Ni vizuri kujua fishi ile ilitoka wapi. Munganga mumoja Mwingereza, David Morley, alikuwa akifanya kazi kwa hospitali ya misioni pale Ilesha, inchi ya Nigeria, katika miaka ya 1950. Aliona kwamba watoto wanafika hospitali wakiwa wamechelewa. Akatengeneza fishi ambayo mama mwenyewe anaiweka nyumbani, yenye musitari unaoonyesha njia ya mutoto mwezi kwa mwezi. Akaiita njia ya afya.

Hakuiita hukumu ya mama. Njia ni kitu ambacho mutu anatembea ndani yake, na katika kutembea kuna kupanda na kushuka. Muuguzi akiangalia fishi haangalii kama mutoto wako ni mukubwa kupita watoto wote. Anaangalia musitari unakwenda wapi. Mutoto wa mwili mudogo ambaye musitari wake unapanda vizuri, tunafurahi naye. Mutoto munene ambaye musitari wake umelala miezi miwili ao umeshuka, tunataka kuzungumuza na mama yake.

Na wakati musitari unashuka, sababu ni nyingi: malaria, kuhara, surua, minyoo, mimba mupya, mwaka ambao mvua iliharibu maharagi, bei ya soko, watu kukimbia vita na kuacha mashamba. Nyingi kati ya hizi mama hakuzichagua. Tunapima ili tujue wapi pa kusaidia. Mutu anayeficha kidonda, munganga hawezi kukifunga.

NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI

Mama mumoja anaweza kusema: "Lakini Mungu mwenyewe anataka tuwe wakamilifu. Iko katika Mathayo 5." Ni kweli, neno liko pale, mwisho wa sura. Lakini musome na maneno yanayolitangulia. Yesu alikuwa akifundisha kuwapenda adui. Alisema kwamba Baba wa mbinguni anawapa jua na mvua watu wema na watu wabaya bila kuchagua. Ukamilifu anaousema pale ni moyo wa upendo usiobagua watu. Hata neno la Kigiriki lililoandikwa pale linaonyesha kitu kilichokomaa, kilichofikia shabaha yake. Halisemi habari ya kiwanja kilichofagiwa mara tatu wala sufuria zinazongaa.

Mwingine atasema: "Na yule mwanamuke hodari wa Methali 31? Hodari kabisa, taa yake haizimiki usiku!" Sura ile inasomwa sana siku ya wamama katika kanisa, na wengi wanarudi nyumbani wameinama. Tuangalie mambo matatu. La kwanza, mwanzo wa sura unasema kwamba ni mafundisho ambayo mama mumoja alimupa mwana wake, mufalme Lemueli. Alikuwa akimufundisha kijana namna ya kumuheshimu mwanamuke. La pili, maneno yale kwa Kiebrania yamepangwa kwa herufi zote 22, kila shairi na herufi yake, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Ni wimbo wa sifa wa maisha mazima, hakuna mutu anayeweza kuyafanya yote kwa siku moja. La tatu, mwanamuke yule alikuwa na watumishi ndani ya nyumba. Weye uko na nani? Kama uko peke yako na watoto wane na mume yuko mbali katika machimbo, usijipime kwa kipimo cha nyumba yenye watumishi.

Tumufikiri na Marta, katika Luka 10. Yesu aliingia kwake, naye akasumbuka kwa kazi nyingi, mpaka akamukasirikia ndugu yake Maria mbele ya mugeni. Yesu hakuzarau chakula chake. Alimuita kwa jina mara mbili, kwa upole, akamuonyesha kwamba moyo wake umegawanyika katika mambo mengi. Wengi wanaacha habari pale, na wanamuona Marta kama mwanamuke aliyekaripiwa. Lakini musome Yohana 11. Imeandikwa kwamba Yesu alimupenda Marta. Siku ndugu yao Lazaro alikufa, Marta ndiye aliyetoka kumupokea Yesu njiani na kukiri kwamba yeye ndiye Kristo. Tena katika Yohana 12 tunamukuta Marta akitumika kwa meza. Kazi haikumutoka. Lakini safari hii hatusikii tena manunguniko yake.

Wazee wa kanisa letu nao walijua muzigo huu. Martin Luther aliingia katika nyumba ya watawa pale Erfurt, inchi ya Ujeremani, mwaka 1505. Alifunga, alikesha katika maombi, alitubu makosa yake mara nyingi, hata madogo madogo, na kila mara hofu ilirudi: labda kuna moja nimelisahau. Kadiri alivyojitahidi kuwa bila kosa, ndivyo alivyomuogopa Mungu zaidi. Nyuma yake, wakati alipokuwa akifundisha Biblia pale Wittenberg, alifahamu katika barua kwa Waroma kwamba haki mbele ya Mungu ni zawadi, na mutu anaipokea kwa imani. Kanisa za Kiprotestanti zilianza na ufahamu ule. Luther alioa mwaka 1525, na yeye na muke wake Katharina walizaa watoto sita. Mabinti wawili walikufa wazazi wangali hai. Imani yao haikuwapa nyumba isiyo na machozi, lakini walijua pa kulia.

Neema ni nini basi? Neema ni wema wa Mungu unaotolewa bure, kwa mutu asiyeweza kuulipa. Paulo anaeleza vile katika Waefeso 2. Ninyi wamama munaweza kulifahamu kupita watu wengine. Angalia mutoto muchanga kwenye mikono yako. Hajachota maji. Hajalima. Anakuamusha usiku, anachafua kikwembe chako. Na weye unamupenda. Hakuna mama anayemupima mutoto wake ili ajue kama atamupenda. Anamuleta kwa mizani juu anamupenda tayari. Mungu naye ni vile. Alitupenda katika Kristo mbele ya kutengeneza kitu chochote, na kama anatuangalia na kutuonyesha makosa yetu, ni kwa sababu sisi ni watoto wake tayari.

NEEMA SI UVIVU

Musitoke hapa mukisema: "Muuguzi amesema tuache kazi." Hapana. Mutu aliyeachiliwa na muzigo wa bure anapata nguvu ya kubeba muzigo wa lazima. Tupange mambo kwa mafungu mawili.

Haya musiyaache: kuosha mikono kwa sabuni, kunyonyesha, chandarua, chanjo, siku ya kliniki, kumaliza dawa zote mulizopewa, na kukimbia hospitali mukiona mutoto hawezi kunyonya ao kunywa, anatapika kila kitu, anashituka kwa degedege, anapumua kwa shida, ao amelegea na haamuki.

Haya yanaweza kungoja: kupiga nguo pasi, kufagia kiwanja mara ya pili, kupika mboga tatu kwa wageni, kununua nguo mupya ya mutoto mbele ya kuja kliniki. Mutoto aliyevaa nguo ya kiraka anapimwa kilo ileile. Wamama wengine wanabaki nyumbani kwa sababu ya nguo. Mama, mizani haina macho ya kuona kiraka.

Na tena tutenganishe shida na zambi. Maharagi yakiungua, ile si zambi. Mutoto akipata malaria hata kama alilala ndani ya chandarua, ile si zambi yako. Lakini kama kwa hasira umemupiga mutoto vibaya, lile ni kosa la kweli. Ulikiri mbele ya Mungu, umubembeleze mutoto, utafute mwenzako wa kukusaidia wakati hasira inakuja. Mungu anasamehe, na mutu aliyesamehewa hapashwe kujipiga kila siku kwa kosa lilelile.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Chagua kazi tatu za siku. Asubui sema: leo kazi tatu hizi ni za lazima. Ukizimaliza, umeshinda siku ile. Zingine zikifanyika, ni vema. Zisipofanyika, kesho ipo.

2. Sema kweli kwa muuguzi. Kama chanjo ilikupita, leta mutoto na fishi. Hatuanzi tena mwanzo. Tunaendelea pale tuliposimamia. Kama kilo imepungua, sema tu: "Mutoto yangu amepungua, munisaidie." Maneno haya hayana haya ndani yake.

3. Usiogope maziwa yako. Siku za kwanza maziwa ni kidogo, rangi ya manjano, na yanamutosha mutoto muchanga kwa sababu tumbo lake ni dogo. Mutoto akinyonya mara nyingi, mara nane na zaidi muchana na usiku, maziwa yanaongezeka. Akifungua kinywa sana na kushika sehemu nyeusi ya ziwa, si chuchu peke yake, ananyonya vizuri na hakuumizi. Nyuma ya siku za kwanza, akikojoa mara sita ao zaidi kwa siku na usiku, na kilo inapanda, maziwa yanatosha. Mpaka miezi sita hahitaji kitu kingine, hata maji. Ukiwa na wasiwasi, kuja kwetu mbele ya kumupa kitu kingine. Na mama ambaye kwa sababu ya ugonjwa hawezi kunyonyesha, asijifiche. Kuna njia ya kumusaidia yeye naye.

4. Chakula kisichokuwa cha sikukuu kinaweza kuwa chakula chema. Nyuma ya miezi sita, endelea kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, na ongeza uji muzito. Si lazima nyama kila siku. Maharagi, ndakala zilizosagwa, karanga, lenga-lenga, mafuta ya ngazi, ao uji wa mutama, soya na mahindi ambao watu wanauita sosoma, vinajenga mwili wa mutoto.

5. Pokea musaada. Katika Kutoka 18, Yetro alimuona mukwe wake Musa akihukumu watu toka asubui mpaka jioni, akamuambia kwamba atachoka kabisa, agawanye kazi. Musa alisikia. Kama nabii alipokea shauri la mukwe wake, weye unaweza kupokea bidoni ya maji toka kwa jirani. Mama aliyezaa kwa operasio, usibebe kitu kizito kupita mutoto wako mpaka munganga akuruhusu.

6. Kula na kulala. Katika 1 Wafalme 19, nabii Elia alichoka mpaka akaomba kufa. Mungu hakumutumia maneno makali. Alimutuma malaika na mukate na maji, akamuacha alale, akamuamsha ale tena. Nyuma ya pale tu ndipo alisema naye juu ya kazi. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi kuliko mbele. Mutoto akilala muchana, lala naye kidogo. Sahani zinaweza kungoja.

7. Jioni, rudisha siku kwa Mungu. Si lazima maombi marefu. Sema kwa maneno yako: "Baba, siku ya leo ni hii. Nimefanya nilivyoweza. Pale nilipokosa, unisamehe. Pale nguvu ilipoisha, ulinde weye mwenyewe. Asante kwa mutoto." Kisha uzime taa.

WAKATI HUZUNI INAKUWA UGONJWA

Siku za kwanza nyuma ya kuzaa, wamama wengi wanalia bila kujua sababu. Mara nyingi inapita mbele ya wiki mbili. Lakini kama inapita wiki mbili, kama mama hawezi kulala hata wakati mutoto amelala, hapendi kula, hamutaki mutoto, anasema kwamba hafai kitu, yule ni mugonjwa. Hakukosa imani. Tunavyotibu malaria, tunaweza kumusaidia yeye naye, na maombi yanakwenda pamoja na matunzo.

Kama mama anasikia mawazo ya kujiua ao ya kumuumiza mutoto, ao anaona na kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, asiachwe peke yake hata kidogo. Mumulete hospitali siku ileile, hata usiku.

NENO KWA WANAOKAA KARIBU NA MAMA

Baba wa nyumba, chakula kikichelewa, uliza kwanza kama muke wako amekula. Mama-mukwe, weye ulizaa na unajua. Neno lako moja linaweza kumusimamisha bibi-arusi wako ao kumuangusha. Badala ya "Sisi tulizaa kumi bila shida," umuambie namna ulivyosaidiwa. Wamama wa kanisa, mukienda kumutembelea mama aliyezaa, musiangalie nyumba. Ingieni jikoni, mupike, muoshe vikwembe, muombe naye, murudi.

Na sisi wauguzi pia tuna sheria yetu. Katika masomo ya wauguzi tunawafundisha wanafunzi kwamba neno la kwanza kwa mama ambaye kilo ya mutoto wake imeshuka ni asante, kwa sababu amekuja. Maulizo yanafuata, na yanaulizwa pembeni, si mbele ya benchi nzima. Ukikutana na muuguzi aliyesahau sheria hii, umuambie mukubwa wa kituo. Usimuazibu mutoto wako kwa kukaa nyumbani.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA PAMOJA

1. Ni kazi gani tunazifanya juu ya macho ya watu, na ni gani juu ya afya ya mutoto?
2. Mama mwenzetu akikosa kliniki miezi miwili, nani kati yetu atakwenda kumuona?
3. Kwa benchi ya kungojea, tunawaangalia namna gani wale ambao watoto wao wamekonda?
4. Marta alibadilika nini kati ya Luka 10 na Yohana 12?

Wamama wapendwa, siku ya kliniki inayokuja, muje. Muje na mutoto namna alivyo, mwenye afya ao aliyekonda, na fishi hata kama imelowana ao imepasuka. Ukimuona jirani anabaki nyuma na mutoto wake amefunikwa sana, mushike mukono, mutembee naye. Benchi yetu ni ya watu wanaohitaji musaada, na hakuna mama mwingine aliyekaa juu yake.

Neema ya Bwana wetu iwe pamoja nanyi na watoto wenu.